Jibu: Kuonja vyakula vya ugenini bila kuharibu nusu marathoni

Habari ndugu. Umesema unafika siku tatu kabla ya mbio za kilomita 21, unataka kuonja vyakula vya huko lakini unaogopa tumbo lisikuharibikie njiani. Hofu yako ina msingi. Mimi niliwahi kuacha barabara kwenye kilomita ya 14 kutafuta choo, kisa mchuzi wa pilipili niliokula usiku wa kuamkia mbio.

Kwanza angalia mnaanza saa ngapi. Rudi nyuma kwa muda wa kama saa tatu, hapo ndipo ule kifungua kinywa, na kiwe kilekile ulichozoea kabla ya mazoezi marefu. Mimi hukibeba kwenye begi, maana hoteli nyingi huchelewa kuandaa chakula cha asubuhi.

Siku mbili za mwanzo onja, ila kidogo, na chakula kiwe kimeiva vizuri na bado cha moto. Siku ya mwisho achana na maharage, mboga mbichi, pilipili na mafuta mengi. Wali, viazi au mkate vinatosha. Tena, kama maji ya bomba hayanyweki, barafu nayo iache. Hiyo huwaponza wengi.

Uhondo wenyewe uweke baada ya mbio. Ukiweza, ongeza siku mbili kabla ya kurudi. Mwili umeishiwa wanga, njaa ni kali, na huna tena mbio za kuhofia: kula wanapokula wenyeji.

Tuambie mnaanza saa ngapi, tukupangie mlo wa asubuhi.