Hizo GB 4 za Grafiki ni za Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Mafinga, na msimu wa harusi ukifika huhariri pia video. Katika duka moja la Mwanjelwa, jijini Mbeya, nimeonyeshwa kompyuta mpakato iliyokwishatumika yenye RAM ya GB 8, na muuzaji anasisitiza kwamba ina kadi ya grafiki ya GB 4. Nitahakikishaje hapo hapo dukani, kabla ya kulipa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, hizo GB 4 ndizo zinazotutia shaka. Grafiki ni sehemu inayochora picha kwenye skrini. Grafiki jumuishi imo ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake yenyewe, bali huazima kwenye RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, na kwa kawaida Windows huiruhusu kuazima hadi karibu nusu ya RAM yote. Nusu ya GB 8 unaijua. Kadi inayojitegemea ni chipu nyingine kabisa, yenye kumbukumbu yake isiyoigusa RAM.

Omba kompyuta iwashwe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu iliyoandikwa "Performance". Upande wa kushoto, chini, utaona GPU 0 na pengine GPU 1, GPU ikiwa ni chipu ya grafiki. Bofya kila moja usome jina lake. Intel HD, UHD au Iris Xe ni jumuishi, ilhali NVIDIA GeForce, iwe MX, GTX au RTX, ni kadi inayojitegemea. AMD ndiyo inayochanganya watu wengi, kwa sababu jina la Radeon hutumika pande zote mbili: "Radeon Graphics" au "Radeon Vega 8" kwenye kompyuta mpakato ni jumuishi, lakini Radeon RX 5500M ni kadi. Ukiyakuta majina mawili, moja la Intel na jingine la NVIDIA, usishangae, kwani kompyuta nyingi za aina hiyo hutumia grafiki jumuishi kwa kazi nyepesi ili kutunza betri.

Baada ya jina, tazama "Dedicated GPU memory" (kumbukumbu binafsi ya grafiki), wala si "Shared GPU memory" (ile ya kuazima kwenye RAM). Muuzaji akikufungulia dxdiag, programu ya Windows inayoonyesha taarifa za kompyuta, na kukuonyesha "Approx. Total Memory", mwambie wazi kwamba kiasi hicho kimejumlisha kumbukumbu ya grafiki na ile ya kuazima. Hata hivyo jina lina uzito kuliko tarakimu, maana grafiki jumuishi ya AMD huweza kutengewa sehemu ya RAM, nayo ikaonekana kama kumbukumbu yake binafsi.

Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva, yaani programu inayoiendesha grafiki, haijawekwa na huwezi kuthibitisha lolote kwa jina hilo. Mwache fundi wao aiweke ukiwa unaona.

Kwa ramani za kawaida za pande mbili, grafiki jumuishi inatosha. Picha za nyumba za pande tatu na video ndefu ndizo zinazodai kadi, na kwa kuwa kwenye kompyuta nyingi za mpakato chipu hiyo hulehemiwa kwenye ubao mkuu, hutaweza kuiongeza baadaye. Ukikuta Intel UHD peke yake, si lazima uondoke mikono mitupu, ila bei ya kadi isiwemo katika mazungumzo yenu.