Mapato Hayana Kikomo, Nauli Juu Yako

Tangazo lililonipatia kazi yangu ya kwanza Dar es Salaam lilimtaka "Afisa Maendeleo ya Biashara, kijana mwenye njaa ya mafanikio, mapato yasiyo na kikomo". Nikaenda na tai. Jumatatu nikapewa begi la vipeperushi, nikaambiwa nianzie Kariakoo, duka kwa duka, kuuza bima. Mshahara haukuwepo, ni kamisheni tu. Kikomo cha juu kweli hakikuwepo, ila hata cha chini hakikuwepo. Mwezi ule niliuza bima mbili. Nauli, bando na maji ya kunywa nilijigharimia. Njaa niliipata, mafanikio yakachelewa.

Siku hizi nikiona maneno hayo nauliza mapema, hata kwa simu: mshahara wa msingi shilingi ngapi? Nauli ya kuzunguka analipa nani? Nisipofikia tageti miezi miwili inakuwaje? Ukijibiwa "itategemea juhudi zako", hesabu msingi ni sifuri, kisha amua. Wapo wanaoimudu kamisheni na wanajenga nyumba. Mimi sikuwa mmoja wao.

"Awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo" mara nyingi maana yake watu wawili wameondoka na kazi zao zinakusubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na ziada ilipwe angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ila masharti hayo ya saa hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo ukipewa cheo cha "Meneja", uliza unawasimamia wangapi. Kama ni wewe na printa, hicho ni cheo cha kwenye kadi tu.

Halafu kuna "sisi hapa ni familia". Hili huwa linanikosesha raha. Ndugu hawaandikiani madeni, na mshahara uliochelewa ni deni. Omba mkataba wa maandishi wenye majukumu, saa na malipo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe mambo hayo kwa maandishi unapoanza kazi.

Si kila tangazo la namna hiyo ni mtego. Wengi wananakili tu tangazo la jirani, hata herufi zilizokosewa zinafanana. Swali linalonisaidia kuwatofautisha ni moja: aliyekuwa kwenye nafasi hii amekwenda wapi?

Niliwahi kuliuliza kwenye usaili mmoja, mahali palipotaka "mtu mwenye moyo wa kujituma". Wasaili watatu wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Unamaanisha yupi? Maana mwaka huu wamekuwa wanne."

Nikawashukuru, nikaenda kutafuta daladala.