Kwa mama mwenye binti wa darasa la 11: AP ya sanaa na potifolio ya chuo

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako, anayeingia darasa la 11 huko Marekani, achukue AP ya sanaa (Advanced Placement, somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari) au aiache akazanie masomo mengine, na kama akipata alama ya 5, iliyo ya juu kabisa, ndiyo tiketi ya chuo cha sanaa. Ukasema pia kwamba ada inakutia hofu. Njia hiyo nimeipita. Nilitoka Tanga na miaka 15 tukahamia Columbus, Ohio, Kiingereza changu kikiwa bado kizito, na darasa la sanaa ndilo lililonishika mkono.

Achukue. Tena achukue mwaka huu, asisubiri darasa la 12. Sababu ni kalenda: kazi za AP hukabidhiwa Mei na alama hutoka Julai, ilhali vyuo vingi vya sanaa hufunga maombi kati ya Novemba na Februari. Mtoto wa darasa la 12 anapoiona hiyo 5 yake, chuo kilishamjibu zamani. Kinachomwingiza chuoni ni kazi zenyewe, yaani potifolio, mkusanyo wa kazi zake bora. Akizifanya sasa, majira ya joto yote ni yake ya kuchambua, kutupa na kurudia zile dhaifu.

AP hii haina mtihani wa kukaa na kalamu. Mwanafunzi huchagua moja kati ya tatu: michoro, sanaa bapa (picha za kamera na usanifu zimo humo), au kazi za umbo kama ufinyanzi na uchongaji. Asilimia 40 ya alama ni kazi 5 bora. Asilimia 60 ni uchunguzi wa muda mrefu: picha 15 zinazofuata swali moja, zikiwemo zinazoonyesha majaribio na masahihisho, pamoja na maelezo mafupi ya maandishi.

Swali hilo ndilo linalowatoa watoto jasho. Mimi niliandika "utamaduni wa Kiafrika". Mwalimu akanirudishia karatasi, akaniambia hilo ni neno tu, swali liko wapi?

Vuli hiyo hiyo nikaenda National Portfolio Day. Ni siku ambazo wawakilishi wa vyuo vingi hukusanyika katika mji mmoja na kupitia kazi za wanafunzi ana kwa ana, bila malipo. Nilibeba sura za wachezaji na wanamuziki nilizozinakili kutoka kwenye simu, zimefanana nao kabisa, na nyumbani kila mgeni alizisifia. Mhakiki wa chuo kimoja alifunua kurasa kimya, halafu akaniuliza: kati ya hizi, ipi ulikaa mbele ya huyo mtu ukamtazama? Hakuna hata moja. Nililia kwenye basi. Lakini alikuwa na haki. Picha ya kamera imeshakuamulia kivuli kinaishia wapi na nini kiko mbele, nini nyuma. Wewe unafuatisha tu. Chuo kinataka kuona macho yako yakifanya uamuzi huo. Na hata AP wenyewe hawakubali kunakili picha ya mtu mwingine bila kuigeuza kuwa kazi yako, na akili bandia wameikataza katika hatua yoyote ile.

Basi nikaanza kuchora vilivyokuwemo nyumbani. Mama alikuwa ametundika kanga moja dirishani kuzuia baridi, nyingine kajifunga jikoni, nyingine kambebea mdogo wangu. Nikiwa nachora mikunjo yake kwa mkaa, nikagundua maandishi yamemezwa na mikunjo. Hapo swali likaja: kule kwetu jina la kanga humfikia jirani hata asipoambiwa, huku, ambako hakuna jirani wa kulisoma, linasema na nani?

Swali hilo lilinilisha mwaka mzima. Nilichonga jina la kanga kwenye kipande cha lino, bamba laini la kuchongea, ili nilichape kwa wino, nikasahau kwamba chapa hugeuza. Herufi zikatoka kinyumenyume. Nilitaka kuitupa karatasi ile, mwalimu akanizuia: si ndivyo jirani yako wa hapa anavyoiona? Nikachapa nyingine nne kwa makusudi, na ile ya kwanza nikaiweka kwenye zile 15. Kwa hiyo mwambie binti asitupe kilichoharibika. Akipige picha, aandike tarehe na alichokuwa akitafuta.

Maombi ya chuo yana masharti yake. RISD (chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design), kwa mfano, huomba kazi 12 hadi 20. Achague kwa ukali, kwani kazi dhaifu huzishusha zote. Azipige picha karibu na dirisha mchana, bila taa ya simu, kamera ikiwa sambamba na karatasi, kisha akate pembeni pasionekane zulia wala vidole.

Kuhusu pesa, hofu yako ni ya kweli, naye asikupuuze. Katika vyuo binafsi vingi vikubwa vya sanaa ada peke yake hupita dola 50,000 kwa mwaka. Lakini vingi hutoa punguzo kwa kupima potifolio, na vyuo vikuu vya majimbo navyo vina shahada za sanaa kwa wakazi wa jimbo kwa ada nafuu zaidi. Aombe kote kote, na msikubali popote kabla ya kuziona barua za msaada wa fedha zote mezani.

Vuli hii mpeleke Portfolio Day ingawa bado hajafika darasa la 12. Mfike mapema, foleni huwa ndefu, na abebe pia daftari lake la michoro, hata kurasa chafu. Akirudi, aweke hapa kwenye uzi alichoambiwa. Nitapitia naye moja moja.