Kabla hujasaini mkopo wa chuo

Fomu yangu ya mkopo ilikuwa na kurasa nane. Nilisoma ya kwanza, nikasaini ya mwisho. Katikati huko paliandikwa kwamba riba inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka, si siku ya kuhitimu. Fanya hesabu mwenyewe: deni la 100, kwa riba ya asilimia 8 inayojumlishwa kila mwaka, linakuwa 136 baada ya miaka minne, na hapo bado hujatafuta hata kazi.

Kwa hiyo wewe unayeanza, mkopo uwe wa mwisho kwenye orodha yako. Cha kwanza ni kupunguza bili yenyewe. Nenda ofisi ya fedha ya chuo uulize kama ada inalipwa kwa awamu, na kama kozi ulizofaulu kwingine, au ujuzi wa kazini, vinaweza kuhesabiwa. Kozi tano zikikubaliwa, huenda umejiokolea muhula mzima wa ada, pamoja na kodi ya chumba. Kodi hiyo usiidharau. Watu hupigania ada mpaka wakaipata, kisha chumba na chakula ndivyo vinavyowarudisha nyumbani.

Kuna pia vyuo visivyotoza ada, au vinavyotoza kidogo sana. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani ni hivyo hata kwa mgeni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 linawatoza wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na ili upate viza utatakiwa kuonyesha kwamba una fedha za kujikimu. Norwei nayo ilikuwa bure kwa wote hadi 2023, ilipoanza kuwatoza wanaotoka nje ya Ulaya. Ndiyo maana simulizi za kaka aliyesoma huko miaka kumi iliyopita zipokee kwa heshima, halafu ufungue tovuti ya chuo chenyewe.

Kusoma huku unafanya kazi kuna sura nyingi. Chuo cha Berea, jimbo la Kentucky, Marekani, hakijatoza ada tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, angalau saa kumi kwa wiki. Uingereza tangu 2015 kuna shahada za uanagenzi: umeajiriwa, unalipwa mshahara, na ada haitoki mfukoni mwako. Lakini ukiwa na viza ya kawaida ya mwanafunzi wa shahada huko, kikomo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi usipange bajeti ya saa 40.

Shahada ya pili nililipiwa na mwajiri. Sharti: miaka mitatu ya kumtumikia baada ya kuhitimu, ama nirudishe fedha zote. Mwaka wa pili nikaitwa kwingine kwa mshahara mzuri zaidi, nikabaki nauangalia tu. Sijuti, maana deni sikuwa nalo, ila ningejua ningeomba kipengele kimoja: kiasi cha kurudisha kipungue kwa kila mwaka ninaoutumikia. Waajiri wengine hukubali ukiomba kabla ya kusaini. Baada ya hapo, sahau.

Halafu kuna kulipa kwa sehemu ya kipato cha baadaye. Wazo hilo mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliliandika mwaka 1955. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilijaribu miaka ya 1970 kwa kuwafunga wanafunzi kikundi kizima hadi deni la wote liishe. Waliolipa vizuri wakajikuta wanawabebea wasiolipa. Australia wana mfumo wa serikali tangu 1989: unalipa kupitia kodi ya mapato pale tu kipato kinapovuka kiwango fulani, na deni halina riba ya kawaida, ingawa hupandishwa kufuata bei au mishahara. Kampuni binafsi ikikuletea mkataba wa aina hii, tafuta vitu vinne: asilimia, idadi ya miaka, kipato ambacho chini yake hulipi, na kikomo cha jumla utakayolipa. Kikomo kikikosekana, mimi nisingesaini.

Ufadhili usiouwahi mapema haukusubiri, na ule mdogomdogo una waombaji wachache. Ukiambiwa utume fedha ili ufadhili wako “utolewe”, huo ni utapeli. Anayewaza shahada ya uzamivu aandikie maprofesa kwanza, kwani fani nyingi za sayansi hulipa posho ya utafiti.

Na popote fedha zitakapotoka, iwe mkopo, mfadhili au mwajiri, uliza swali ambalo mimi sikuuliza: nikiugua nikasimamisha masomo muhula mmoja, mkataba huu unanifanyaje? Jibu likija kwa mdomo, liombe kwa maandishi.