Fito za meli ya seti: maji ya moto yanatosha

Umeuliza kama fito, yaani vipande vyembamba vya mbao vya kufunika ubavu wa meli ndogo ya mfano inayouzwa kama seti ya kuunganisha, zilazwe kwenye maji usiku kucha ili zipindike. Hapana, usizilaze. Zenye unene wa milimita 1 hadi 2 zinatosha nusu saa kwenye maji ya moto, kwani kinacholainisha mbao hasa ni joto. Mimi hapa Kirumba, Mwanza, natumia chupa ya chai: nasimamisha fito humo, upande wa omo (mbele ya meli) chini, maana ndiko kwenye mpindo mkali. Kisha zibane kwenye mataruma (mbavu za meli) kwa vibanio vya nguo, ziache zikauke kabisa ndipo utie gundi. Ukigandisha mbichi, zikikauka zinasinyaa na kuacha mianya. Meli yangu ya kwanza ilipata hivyo ubavu mzima. Ila plaiwudi usiiloweke, matabaka yanaweza kubanduka.