Mashairi endelea nayo, anime ndo iweke pembeni kidogo

Mdogo wangu, umesema una asaimenti 3 wiki hii na bado unakesha mpaka saa nane usiku ukiwatungia mashairi wahusika wa anime (katuni za Kijapani), pole, mi nilisoma hapahapa Moshi nikiwa hivyohivyo. Kesho asubuhi kamuone lekcha umuombe siku za nyongeza kabla dedilaini haijapita, maana ikishapita anakuona mzembe tu. Mashairi tunga kwenye daladala, tarbia ni mistari 4 kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mstari kwa kawaida, unahesabu kwa vidole toka Mbuyuni mpaka unashuka (konda atakushangaa, muache), ukifika geto unafungua kazi ya chuo. Ila anime jamani, episodi moja haijawahi kuwa moja, zifute kwenye simu mpaka Ijumaa.