Visa vya upuuzi na picha zake: maswali na majibu

Wiki iliyopita niliandika juu ya Edward Lear, Mwingereza wa karne ya 19 aliyetunga na kuchora visa vya mistari michache visivyo na kichwa wala miguu. Haya ndiyo mliyouliza.

Alikuwa mchoraji kweli, au mchekeshaji tu?
Mchoraji hasa. Hajafikisha miaka 20, alishatoa kitabu cha kasuku, wengi akiwachora wakiwa hai. Mwaka 1846 kilipotoka kitabu chake cha kwanza cha upuuzi, ndio mwaka aliomfundisha Malkia Victoria kuchora.

Maneno yakishasema yote, picha ya nini?
Hayajasema yote. Chukua kisa cha mzee mwenye ndevu. Tunaambiwa alichokihofia kimempata: bundi wawili, kuku mmoja na videge vitano wamejenga viota ndevuni mwake. Basi. Ndevu hizo zina ukubwa gani? Kuku amekaaje? Hapo ndipo picha inapoingia, na wala haitanii. Inawapanga ndege kana kwamba ndevu ni mti wa kawaida. (Kwetu bundi mmoja tu paani, nyumba nzima hailali.) Alichora pia mmea ambao maua yake ni watu wanaoning'inia kichwa chini, kwa utulivu uleule wa vitabu vya mimea. Mchoraji akianza kumkonyeza msomaji, kisa kimekwisha.

Mimi ni mwalimu, Tanga. Funzo liko wapi?
Halipo, Mwalimu. Watoto wa Uingereza enzi hizo walishalishwa mawaidha hadi puani. Katika kisa kingine mzee anacheza dansi na kunguru. Watu wanasema ni upuuzi kumpa ndege kichwa namna hiyo, wanamponda mzee. Kwisha. Ukiuliza darasa "tunajifunza nini?", umeshajiunga na hao waliomponda.

Nataka kujaribu. Nianze na picha au maneno?
Popote, ila usiseme jambo moja mara mbili. Maneno yakisema bwana harusi alichelewa, picha ituonyeshe alikuja amebebwa na nani. Mimi ningemchora mbuzi, tena mwenye haraka.

Mwanangu wa miaka sita amechora papa amepanda bodaboda bila kofia. Nimsahihishe?
Muulize papa anakwenda wapi na wamepatana nauli shilingi ngapi. Habari ya kofia muachie trafiki.